Shangazi Orlena Atoa Mstari

Shangazi yangu Orlena Napier hakuwa mtu wa kubembelezwa ili aimbe. Ukimwomba mara moja na moyo ukamtuma, ataimba mpaka viazi viungulie jikoni. Ukimwomba mara ya pili, atakuuliza ni nani aliyekufundisha kulia kama ndama. Kwa hiyo Marvin Adelstein, yule bwana aliyekuja bondeni kwetu Spicewood kutoka New York na mashine ya kunasa sauti, alipata taabu tangu siku ya kwanza.

Alipanga vitu vyake sebuleni kama daktari anayejiandaa kupasua mtu. Akamwonyesha shangazi kiti, mdomo uelekee maikrofoni. Shangazi akakigeuza kiti, akalielekea jiko la kuni, akafumba macho. Ndivyo mama yake alivyoimba, na nyanya yake pia. Kwao uso haukuwa sehemu ya wimbo. Mwimbaji anayekutazama usoni anakuomba kitu, na shangazi hakuwa akimwomba mtu chochote. Marvin ikambidi abebe maikrofoni mpaka kando ya jiko, jasho likimtiririka. Katikati ya wimbo mbwa akabweka. Marvin akasimamisha mashine, akauliza kwa adabu kama wangeweza kurudia. Shangazi akamwambia kwamba mbwa ni wa nyumba hii, na watu wa New York wasiotaka kumsikia mbwa wasijisumbue kuisikiliza Kentucky.

Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka Ohio, nilikokuwa nikifunga magurudumu ya magari kiwandani, nikitaniwa kila siku kwamba nimevaa viatu kwa mara ya kwanza. Nilirudi na hasira na daftari la mashairi yangu. Sikufundishwa ushairi na mwalimu yeyote, na nasema bila haya: kila ninachokijua kuhusu mstari, wapi uvute pumzi na wapi ukate, nilikipata kwa kumsikiliza yule mama akipalilia mahindi mteremkoni.

Aliimba siku mbili. Aliimba habari za mabwana waliowachoma visu wachumba wao kando ya mito, na za meli zilizozama kwenye bahari ambazo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuziona. Marvin akafurahi sana. Mwishoni akauliza kama ana wimbo wowote alioutunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikimenya tufaha, na kisu kikasimama. Wimbo huo tuliujua sote.

Shangazi akaongeza kuni jikoni, kisha akauimba.

Ulikuwa wimbo wa mumewe, Asa. Mwaka 1931 Asa alichimba makaa ya mawe katika shimo la kampuni lililokuwa mwisho wa bonde letu. Jioni moja alimwambia nyapara wake, mbele ya duka la kampuni, kwamba hewa ya kule chini imeharibika na taa yake imeanza kuwaka bluu, dalili ya gesi. Shangazi alikuwepo, msichana wa miaka ishirini na kitu, ameshika ndoo ya chakula ya mumewe. Alimsikia nyapara akijibu maneno matatu: "Shuka, ama acha." Siku zile kuacha kazi kulikuwa ni kuacha na nyumba, kwa kuwa nyumba nazo zilikuwa za kampuni. Asubuhi Asa akashuka. Gesi ikalipuka. Walikufa wanaume tisa, na kampuni, ili kuuzima moto, ikaumwagia saruji mdomo wa shimo na kuwaacha humo humo. Uchunguzi ukasema mmoja wao aliwasha sigara.

Nyapara yule alikuwa Burchel Fugate. Na Burchel Fugate alikuwa mume wa Lovina, dada yake Asa.

Mgeni atauliza watu waliishije hivyo. Waliishi. Bonde ni moja, kijito ni kimoja, kanisa ni moja. Kwenye misiba Burchel alikaa upande huu wa meza na shangazi upande ule, wakapitishiana bakuli la maharage bila kutazamana. Lovina na shangazi walibaki mawifi kama kawaida: walikamua tufaha pamoja, walishona mablanketi pamoja. Shangazi aliuimba wimbo wa Asa jikoni kwake na jikoni kwa watu kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini akimwona Lovina anapanda njia alinyamaza. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Ilikuwa adabu yake mwenyewe. Lovina alijua kwamba wimbo upo, kama mtu anavyojua kuna chumba fulani ndani ya nyumba, lakini hakuwahi kuusikia.

Burchel naye aliuvumilia wakati ulipoishi majikoni. Angesema nini? Lakini Marvin alikwenda zake, na kabla hajatengeneza santuri akaipa redio ya chuo kimoja sehemu ya tepu ile. Siku hiyo Burchel alikuwa kwa kinyozi, povu kidevuni, kichwa kimelazwa nyuma. Redio ya kinyozi ikaimba jina lake. Walionyolewa siku ile wanasema aliinuka na shavu moja limenyolewa na lingine bado, akavuka barabara hivyo hivyo, kitambaa cheupe kinamning'inia shingoni, na hakuna mtu aliyethubutu kucheka mpaka pikapu yake ilipopinda kona.

Wiki iliyofuata walikuja wawili barazani kwa shangazi: Burchel, na Mzee Hobart Caudill, kiongozi wa kanisa letu la Wabatisti. Ndivyo desturi ya kanisa inavyotaka. Ukiwa na neno na mwenzako, uende kwake kwanza na shahidi. Shangazi alikuwa anakatakata maharage mabichi ndani ya beseni. Aliwakaribisha viti, akaendelea kukata. Mimi nilikuwa juu ya paa nikipigilia mabati, nikapunguza nyundo.

Mzee Hobart ndiye aliyeongea. Alikuwa mtu mpole, na ilionekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine popote. Alisema kanisa halina ugomvi na nyimbo za zamani anazoimba mtu nyumbani kwake. Lakini mshirika aliyebatizwa kuimba nyimbo za dunia kwenye mashine, zisikike vilabuni kwenye pombe, na kumtaja humo ndugu wa imani kwa jina, hilo limemuumiza ndugu. Akaeleza kinachotakiwa. Dada Orlena aandike kwenda New York wimbo ule mmoja utolewe kwenye santuri. Kisha Jumamosi ya kikao asimame mbele ya kanisa aseme amekosa. Kanisa litasamehe, watashikana mikono, yaishe.

"Na nisiposema?" shangazi akauliza.

Mzee Hobart akatazama kofia yake. Alisema wakati huo itabidi kanisa limtoe.

Kutolewa maana yake sote tuliijua. Hakuna atakayekushika mkono wa ushirika. Ukifa, wazee hawatakuhubiria. Lakini kwa shangazi kulikuwa na kubwa zaidi. Asa hakuwa na kaburi. Alichokuwa nacho ni jiwe walilolisimamisha washirika kando ya ile saruji, na ibada ya kumbukumbu ambayo kanisa liliifanya pale kila Agosti, mjane akiwa mstari wa mbele. Aliyetolewa hasimami mstari wa mbele. Angesimama barabarani kama mpita njia huku wengine wakimwimbia mumewe.

"Burchel," shangazi akasema, "ni neno gani la uongo ndani ya wimbo wangu? Nionyeshe moja, nilitoe leo hii."

Burchel alikuwa mzee wa mabega mapana bado, mwenye kikohozi cha vumbi la makaa kama wenzake wote. Akasema hakuja kubishana habari za watu waliokwishakufa. Amekuja kwa ajili ya amani ya kanisa.

"Aa. Amani." Shangazi akavunja ganda la haragwe. "Mzee Hobart, Jumamosi nitakuja. Chukueni maharage mwende nayo, yamezaa kupita kiasi mwaka huu."

Mzee Hobart akachukua. Burchel hakuchukua.

Walipoondoka nilishuka kwenye ngazi nikiwa nawaka. Nilimwambia shangazi asikubali, asiandike, asisimame mbele ya mtu yeyote, na mimi ningemtungia Burchel shairi ambalo lingemfanya ahame wilaya. Alinitazama kutoka juu hadi chini. Akasema shairi langu la mwisho alilolisikia lilikuwa na mistari miwili mizuri na thelathini ya kujisifu, na kama nina nguvu za ziada bati la kona bado linavuja.

Nilirudi kwenye paa. Lakini wiki nzima sikujua atafanya nini, na nadhani naye hakujua. Nilimkuta mara moja amekaa mezani, ana karatasi na kalamu, jina la Marvin limekwishaandikwa juu. Mara nyingine nilimkuta amesimama dirishani anatazama kule bonde linakoishia. Alikuwa na hofu. Nasema hivyo kwa sababu watu siku hizi wanamsimulia kama mwamba. Alikuwa mama mwenye umri wa karibu miaka sitini, anaishi peke yake, na kanisa lile ndilo lililokuwa likimkatia kuni.

Jumamosi kanisa lilijaa kuliko Jumapili. Wanaume walikaa mkono wa kuume, wanawake mkono wa kushoto, wazee juu ya jukwaa, na sisi ambao hatujabatizwa tukabanwa kwenye mabenchi ya nyuma. Kwetu watu hubatizwa wakishakuwa watu wazima, wakishamaliza utundu, kwa hiyo nyuma kulikuwa na kelele kidogo na harufu ya tumbaku. Lovina alikaa benchi la tatu la wanawake, kitambaa cheupe kichwani. Shangazi alikaa la kwanza.

Waliimba wimbo wa kufungua. Inabidi niseme jinsi kanisa letu linavyoimba, maana kila kitu kilitokana na hapo. Hatuna kinanda, hatuna banjo kanisani, hatuna noti. Mwanamume mmoja hutoa mstari: anauimba peke yake, haraka haraka, karibu kama anausema. Kisha watu wote wanaupokea mstari ule ule na kuuvuta polepole, kila mtu akipanda na kushuka njia yake, sauti zikijaa mpaka mbao za ukuta zinatetemeka. Wanatulia, anatoa mwingine. Mtoto wa Spicewood husikia hivyo akiwa bado tumboni. Anapokea mstari kabla hajajua kutembea. Wala huhitaji kuujua wimbo. Unachohitaji ni mstari mmoja, kisha mmoja tena. Na anayetoa mstari ni mwanamume. Mwanamke hajawahi.

Mzee Hobart akasimama, akauliza swali la kila kikao, kama kanisa lina amani. Burchel akainuka na kusema halina. Akalitoa shtaka lake kwa ufupi, kwa sauti ya mtu aliyejizoeza mbele ya kioo. Karani, Ndugu Troy Halcomb, akaliunga mkono, kwa sababu shtaka halisimami bila watu wawili, na kwa sababu Troy alimuunga mkono kila mtu aliyesimama wa kwanza.

Mzee Hobart akamgeukia shangazi, akamwambia kwamba kanisa liko tayari kusikia ungamo lake.

Shangazi akasimama. Hakugeuka kututazama. Alielekea ukuta wa mbele, ambapo picha za washirika waliokufa zimetundikwa, akashika mgongo wa benchi. Akasema kwamba alijaribu kuiandika barua ya New York. Kalamu ilifika kwenye jina la Asa ikagoma. Akasema watu wengi hapa wameushtaki wimbo ambao nusu yao hawajausikia wote mpaka mwisho, na kwamba hata mwizi wa kuku husomewa kosa lake.

Kisha akavuta pumzi. Niliiona mabegani mwake. Akatoa mstari.

Hakuuimba kama jikoni. Aliuweka kwenye sauti ile ya mazishi, ambayo sote tumezikia watu wetu, na akautoa haraka, juu, kama mzee wa jukwaani:

*Walishuka kabla jua*

Na kanisa likapokea.

Sitasahau. Hawakuamua. Midomo ilifunguka yenyewe, kama mguu unavyoruka daktari akikugonga goti. Wanaume na wanawake, benchi kwa benchi, waliuchukua mstari ule na kuuvuta, na Troy Halcomb akauvuta, na Burchel Fugate mwenyewe, bado amesimama na shtaka lake, alikuwa amefungua mdomo na sauti yake nzito imetoka kabla hajaushika na kuufunga. Niliona shingo yake ikigeuka nyekundu.

Shangazi hakuwapa nafasi ya kutafakari.

*halijachomoza,*

Wakapokea.

*na mkubwa alijua*

*gesi yatokeza.*

Sasa walikwishajua wanaimba nini. Niliona watu wakitazamana. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa leso. Mzee Hobart aliinua mkono, na ningeapa alikuwa anataka kusimamisha. Lakini shangazi alikuwa tayari kwenye ubeti wa pili:

*Asa, Ira, na Elihu,*

Elihu alikuwa Elihu Caudill, kaka mkubwa wa Mzee Hobart. Mkono wa mzee ulibaki hewani. Kisha ukashuka, ukashika ukingo wa meza, na mzee akaimba. Aliimba jina la kaka yake akiwa amefumba macho, akalivuta kuliko mtu yeyote, na alipomaliza wengine walikuwa wamekwishanyamaza wakimsubiri.

*Silas, ndugu zao,*

*hadi leo wako chini,*

*jiwe juu yao.*

Nyuma tulikokuwa hakuna aliyekuwa akicheka tena. Vijana waliokuja kutazama kichekesho walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa naimba, na machozi yananitoka bila aibu, na hasira ilikuwa bado ipo yote, ila sasa ilikuwa na watu mia wa kuibeba.

Ubeti wa tatu ukaanza.

*Asa alipomwambia*

*hewa imechacha,*

Hapo kila mtu alijua kinachofuata. Redio ilikuwa imekwishaeneza. Kidole gumba cha shangazi kilikuwa kinasugua mbao ya benchi. Kisha akautoa, wazi, haraka, bila kuongeza chumvi yoyote:

*Burchel alimjibia*

Kanisa likanyamaza.

Desturi ya maisha yote ilikatika pale. Kumwimba marehemu ni jambo moja. Kumwimba mtu aliyesimama mbele yako, uliyemwazima msumeno juzi, ni jambo lingine. Mstari ulikuwa umetolewa na ukabaki unaning'inia, hakuna wa kuupokea, na nawaambia hakuna ukimya mzito kama huo mahali petu. Shangazi hakurudia. Hakugeuka. Alisubiri akiuelekea ukuta, na nilijua kwamba mstari ule ukianguka chini, naye ataanguka nao: atatolewa siku hiyo hiyo, na Agosti atasimama barabarani.

Sauti moja ikauchukua. Ilikuwa nyembamba, ya mwanamke, imepasuka kidogo. Ilitoka benchi la tatu.

Lovina hakuwa amewahi kuusikia wimbo ule. Hakuuhitaji. Alikuwa amepewa mstari, akaupokea, polepole, jina la mumewe neno zima, akipanda na kushuka kwa njia ya familia ya Napier, ile njia aliyokuwa nayo Asa. Watu wa umri wao wanasema ilikuwa kama Asa ameingia mlangoni. Alifika katikati peke yake. Halafu Mzee Hobart akaingia. Halafu mabenchi ya wanawake. Halafu sote.

Shangazi akatoa wa mwisho:

*"Shuka, ama acha."*

Wakauimba hadi mwisho wa pumzi.

Wimbo ulipokwisha Burchel alikuwa bado amesimama. Nilitarajia apige kelele. Nilitaka apige kelele, niwe na sababu. Lakini aliongea kwa sauti ya chini, akimwambia mkewe na si kanisa.

"Nami niliambiwa. Unafikiri nilijitungia? Nami niliambiwa vile vile, shuka nao ama acha."

Hapo ndipo shangazi alipogeuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona anamtazama Burchel Fugate usoni.

"Nani alikwambia?"

Burchel akakohoa kikohozi chake cha vumbi.

"Mtaje, Burchel. Nina nafasi ya ubeti mwingine. Nitamtia huyo, nikutoe wewe, na santuri itatoka na jina lake. Nakuapia mbele ya kanisa."

Hakusema kwa hasira. Alimaanisha. Mlango ulikuwa wazi, na sote tulimwona yule mzee akiutazama. Alifungua mdomo. Labda aliiona nyumba aliyopewa na kampuni, na matibabu ya kifua chake, na mkwe wake mwenye kazi ofisini kwao. Labda alikwishasahau jinsi ya kulitamka jina hilo. Akaufunga mdomo, akainama, akachukua kofia yake.

Mzee Hobart akajipangusa uso, akakohoa, akarudi kwenye taratibu kwa sababu hakuwa na pengine pa kurudi. Akasema shtaka liko mbele ya kanisa, limetolewa na kuungwa mkono. Akamuuliza karani kama bado anaunga mkono.

Troy Halcomb alitazama huku na huku, akitafuta mtu aliyesimama wa kwanza. "Mzee, mimi nimeuimba wote," akasema. "Nikimtoa Dada Orlena kwa wimbo huu, itabidi nijitoe na mimi, na sijui nani ataandika kumbukumbu."

Mtu alicheka upande wa wanawake, kicheko cha kutua mzigo. Mzee Hobart akauliza kama kuna ndugu au dada yeyote ambaye hakuimba, aunge mkono. Akasubiri muda wa haki. Mabenchi yalilia kidogo watu walipojisogeza. Hakuna aliyesimama. Akasema shtaka limeanguka, na akaongeza, kwa ukali ambao haukuyafikia macho yake, kwamba mwanamke kutoa mstari si desturi ya kanisa hili. Shangazi akamwambia ni kweli, si desturi, na kama wanaume wangeutoa mstari ule mwaka 1931 yeye angekaa kimya kwa raha zake.

Burchel akatoka. Alisimama mlangoni na kumtazama Lovina, jinsi mume anavyomtazama mkewe wakati wa kuondoka. Lovina alikuwa ameinuka, lakini hakuelekea mlangoni. Alivuka njia ya katikati, akanyoosha mkono wa kuume, akampa wifi yake. Walishikana kwa desturi ya kanisa, mkono kwa mkono, halafu desturi ikawashinda wakakumbatiana, vitambaa vikawaanguka vichwani.

Mzee Hobart alianzisha wimbo wa kufunga. Nje tukasikia mlango wa pikapu unabamizwa. Kisha honi. Mara ya kwanza fupi, kama kumkumbusha mtu. Kisha ndefu. Kisha Burchel alilaza mkono juu yake asiuinue. Mzee Hobart akapandisha sauti, kanisa likapandisha, na kwa mara ya pili siku ile mbao za ukuta zikatetemeka. Honi ilikuwa na sauti moja tu. Sisi tulikuwa nazo nyingi.

Tulipotoka jua lilikuwa kali na pikapu ilikuwa bado ipo, injini inanguruma, honi bado inalia. Barabara ya kurudi kwetu ilipita mbele yake. Shangazi alimwambia Lovina kwamba nyumbani kuna maharage, mkate wa mahindi, na kitanda cha pili kilichotandikwa. Lovina alijibu kwamba maharage atakula, lakini kitanda anacho chake, amekilalia miaka arobaini, na kama kuna mtu atakayetafuta pa kulala leo si yeye.

Wakashikana mikono wakapita mbele ya pikapu, polepole, katikati ya barabara. Mimi nilifuata nyuma na makoti ya wote wawili. Walipofika mbele ya kioo cha pikapu Lovina alimuuliza shangazi ule mstari wa Elihu na ndugu zao unakwendaje, maana hakuushika vizuri. Shangazi akautoa. Lovina akaupokea.

Burchel aliondoa mkono kwenye honi.